Mke Mwenza Mwenye Milango Miwili

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali nisipostahili. Wenzangu tuliokulia Riyadh wakikumbuka utoto wao wanataja joto, skuli na mikate ya moto ya Mwafghani wa pembeni. Mimi nakumbuka gari, na jinsi nilivyotamani lishike moto.

Wiki iliyopita Mama aliniambia nifungue sanduku la zana la Baba tuangalie kipi cha kugawa na kipi cha kubaki. Arubaini imeshapita, na fundi wa mtaa wa pili ameshauliza mara mbili kama spana zinauzwa. Nikafungua kufuli, nikainua bati la juu, na kabla sijaona chochote ikanipiga harufu ya nta ya gari, ile nta nyeupe ya kwenye mkebe, pamoja na petroli iliyokaukia kwenye vitambaa. Nilirudi nyuma hatua nzima. Baba nilikuwa nimeshamlilia, nikadhani nimemaliza. Kumbe mshindani wangu alikuwa bado yumo humo ndani, na mimi bado nina hasira naye.

Tulikaa Suwaidi, ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya Msaudi mmoja tuliyemwita Abu Saad. Babu alikuja huku kutoka Unguja baada ya mapinduzi, na mke mmoja na sanduku moja, akauza vitambaa mpaka akafa. Baba alizaliwa huku, na mimi vilevile. Baba alikuwa dereva wa ofisi moja ya Sulimaniyah iliyoleta wafanyakazi wa nyumbani. Miaka ile wanawake wa Kenya walikuwa wakishuka uwanja wa ndege kila wiki, na ofisi ilimtaka Baba kwa leseni yake na kwa Kiswahili chake. Basi la ofisi aliliosha akikumbushwa. Lake mwenyewe lilikuwa habari nyingine.

Lake lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, la enzi ambazo Babu alikuwa bado kijana: milango miwili, boneti ndefu kama meza ya harusi, injini ya silinda nane. Alilikuta limetupwa nyuma ya gereji, halina injini, paka wamezalia kwenye viti. Alilivuta mpaka nyumbani mwaka uleule niliozaliwa, kwa hiyo sisi wawili tulikua pamoja, na tangu mwanzo nilishindwa. Mama anasema nilianza kutembea wiki ile gari lilipotiwa magurudumu, na Baba alikuwa kwenye magurudumu. Jino langu la kwanza lilipong'oka alikuwa sokoni Batha anatafuta bomba la moshi. Alipomaliza kulipaka rangi, rangi ya komamanga lililoiva, nilikuwa na miaka saba na nilijua kusoma uso wa mtu, na ule uso aliokuwa nao siku ile sikuwahi kuuona akiniangalia mimi.

Kila Ijumaa, tukishakula, alivaa fulana yake mbovu, akachukua mkebe wa nta na kushuka. Mama alikuwa akimtania mlangoni.

"Haya, nenda kamwogeshe mke mwenzangu," anamwambia. "Na umsalimie. Mwulize zamu yangu lini?"

Baba anacheka mpaka chini ya ngazi. Mimi sikucheka. Mtoto wa miaka saba akiambiwa kuna mke mwenza chini, anaamini kuna mke mwenza chini. Nilikaa dirishani nikimtazama anavyolipangusa, polepole, kwa kuzungusha, kuanzia juu kushuka, vilevile Mama alivyonipangusa mimi nikitoka kuoga. Nikawaza: kama huyu ni mke mwenza wa Mama, basi mimi nina mama wa kambo, na baba yangu amemchagua yeye. Nilimwuliza mara moja kama naweza kusaidia. Akaniambia, "Utachafuka, mwanangu," nikapanda juu sikuuliza tena.

Nilipofika miaka minane ikatoka amri kwamba kila mgeni afanye kazi kwa kafili, yaani mdhamini, aliyeandikwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi. Kafili wa Baba kwenye karatasi alikuwa mzee mwenye duka la matairi. Ofisi ya Sulimaniyah ilikuwa ni kazi tu, haikuwa na jina lake popote. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia yote. Kuhamisha kafala, yaani huo udhamini, kulitaka pesa, na kwa haraka. Kama hana, arudi kwenye matairi kwa nusu ya mshahara, na mimi na Mama tupelekwe Unguja kwa shangazi ambaye sikumjua hata kwa picha.

"Basi chagua, Baba Thuwe," Mama alisema, na mara hii hakuwa anatania. "Sie au gari."

Baba alinyamaza. Najua sasa kwamba mtu anaweza kunyamaza kwa kuwa ameshajibu moyoni. Wakati ule niliuhesabu ule unyamavu, na kila pumzi aliyochukua kabla ya kusema "Nitauza" niliiona ni pumzi aliyomtolea yule mke mwenza.

Akabandika karatasi kwenye kioo cha nyuma, akapiga picha nje na ndani, akaziweka kwenye mtandao. Wanunuzi wakaja, na hapo ndipo nilipozidi kuumia, kwa sababu ya jinsi Baba alivyouza. Sijaona mtu mwingine akiuza vile. Alimshika mnunuzi mkono, akampeleka kwenye taa ya kushoto ya mbele, na kuanzia hapo akalizunguka gari lote akitaja aibu zake.

"Hapa palikuwa na kutu, nimekata, nimechomea bati jipya. Mlango huu si wake, umetoka kwa gari nyingine. Gia ya pili inakataa injini ikiwa baridi. Kiyoyozi hakijapata kufanya kazi, usikitarajie. Hapa rangi zimepishana, simama juani utaona."

Hakuwa na haraka. Kila aibu aliigusa kwa kidole. Babu ndiye aliyemfundisha hivyo tangu enzi za vitambaa: aibu ya bidhaa huisema mwenye bidhaa, kwa mdomo wake, kabla ya kupeana mkono wa biashara. Ukiificha, pesa hiyo ni haramu, na kila tonge litakalonunuliwa nayo ni moto tumboni. Nami niliambiwa hayo mezani mara nyingi kuliko nilivyoambiwa ninawe mikono.

Wanunuzi hawakuyazoea. Kwenye mnada wa magari wenyeji wana njia fupi: muuzaji anatangaza kwamba anauza rundo la chuma, na baada ya hapo hakuna wa kumdai kitu. Kijana mmoja alichoka kuzungushwa, akamkata Baba maneno.

"Ya Abu Thuwaiba, sema rundo la chuma nikulipe, halas, yaishe!"

"Si rundo la chuma," Baba akasema. "Ingekuwa rundo la chuma ningejuaje kutu yake ilikuwa wapi?"

Yule akaenda zake. Akaja mwingine, akaenda. Wa tatu hakufika hata kwenye taa za nyuma. Mimi dirishani nilikuwa nimeshaelewa kila kitu, kwa akili zangu za miaka minane: Baba anawafukuza. Anamsema vibaya mke mwenza ili asichukuliwe. Amechagua, na hakutuchagua sisi.

Siku ya nne nilichukua msumari nikashuka.

Mlango wa gari haukufungwa. Niliingia upande wa abiria, na mbele yangu kulikuwa na kisanduku cha dashibodi, na kifuniko chake cha chuma kimepakwa rangi ya komamanga kinang'aa mpaka nikajiona. Nikaanza kukwaruza. Sikuchora mistari ya ovyo, la. Niliandika jina langu. Kama lazima aangalie gari kila siku, basi aniangalie na mimi. Niliandika kwa herufi za Kiswahili, ambazo Baba ndiye aliyenifundisha kwa sababu skuli tulisoma Kiarabu: THUWE, kifupi cha Thuwaiba, kama alivyoniita. E ilikuwa ikinishinda. Sikukumbuka ina meno mangapi, nikaitia manne ili isipungue.

"Thuwe! Unafanya nini kwa gari ya baba yako?"

Alikuwa Dada Mwikali na ufagio wake. Alikuwa akifanya kazi nyumbani kwa Abu Saad chini, Mkamba wa Machakos, na Baba ndiye aliyempokea uwanja wa ndege alipokuja.

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu na uko na msumari kwa mkono?" Akainama akachungulia, akashika mdomo. "Woi! Hii si ndio ile anaosha kila Friday? Kwani umeikosania nini?"

"Baba anaipenda kuliko mimi."

Alianza kucheka, halafu akaacha. "Mimi niko na kijana wa miaka nane kama wewe. Saa hii hajui kama niko Riyadh ama niko kwa mwezi. Wewe baba yako ako hapo juu tu, unapanda ngazi unamwona. Na unaonea wivu mabati?" Akanitoa garini kwa kunishika kwapa. "Enda, kabla madam aniite."

"Utamwambia?"

"Sitamwambia. Hiyo ni yako ya kusema."

Nilikuwa sijafika juu nikalikumbuka lile la tonge la moto. Baba angetaja aibu zote isipokuwa hii, kwa kuwa haijui. Gari lingeuzwa na aibu iliyofichwa, kafala ingehamishwa kwa pesa ya haramu, na kila wali ambao Mama angepika tangu siku hiyo ungekuwa moto, kwa ajili yangu. Na nikisema, basi Baba atajua nimemfanya nini kipenzi chake, na kile kidogo kilichobaki upande wangu kitakwisha. Kwa siku kadhaa nilikula kwa kijiko cha chai. Mama akanipima homa. Sikushuka tena chini hata mara moja.

Kisha akapiga simu mtu wa Jeddah, Abu Tariq. Alikuwa ameona picha, alilitaka, na alimsikiliza Baba akitaja aibu kwa simu mpaka simu ikapata moto. Akasema lete.

"Thuwe," Baba akaniambia jioni ile, "utanisindikiza."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, na sambusa za Mama kwenye mfuko na chupa ya chai. Nilikuwa nimejipanga niseme kabla hajawasha injini. Nikafungua mlango wa abiria, nikakaa, nikainua macho nimwonyeshe. Kifuniko hakikuwapo. Palikuwa na shimo tupu, na ndani yake karatasi za gari na tasbihi yake.

Kwa hiyo alijua. Aliwasha injini akaniambia nifunge mkanda.

Sijui niiseme vipi safari ile. Ni siku nzima ya barabara kutoka Riyadh mpaka Jeddah, na kiyoyozi, kama alivyowaambia wote, hakikufanya kazi. Tulifungua vioo, upepo wa moto ukatupiga usoni, injini ikaunguruma mpaka nikaisikia kwenye mifupa. Baba aliweka mkono wangu juu ya gia, na wake juu ya wangu. "Sikiliza," akaniambia, "hiyo ya pili. Imekubali leo." Malori yalitupigia honi kwa furaha. Kwenye kituo cha mafuta watu walikuja kupiga picha, na mimi niko ndani, mkono wangu nje ya kioo. Nikalipenda. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote: kulipenda saa linapoondoka, na kufahamu kwamba Baba alikuwa na haki. Mara tatu nilifungua mdomo niseme habari ya kifuniko. Mara tatu akanipa sambusa.

Abu Tariq alitungoja Sharafiya, kwenye uwanja nyuma ya maduka ya simu, kwa kuwa ni karibu na pa kupandia basi la kurudi. Alikuja na kanzu nyeupe, na binti wa umri wangu mwenye viatu vyeupe. Baba akamshika mkono, akampeleka kwenye taa ya kushoto ya mbele, akaanza tena mwanzo, ingawa yote alikuwa ameshayasikia kwa simu. Kutu. Mlango. Gia. Rangi. Akafika kwenye dirisha la abiria, akaingiza mkono akagusa ukingo wa lile shimo.

"Na ya mwisho. Kifuniko cha hapa hakipo."

"Kwenye picha kilikuwapo," Abu Tariq akasema.

"Kilikuwapo."

"Kimeharibika?"

Baba akatazama chini. "Hakimo kwenye biashara."

"Kifuniko cha asili hakipatikani, ya Abu Thuwaiba. Nitapunguza."

"Punguza."

Akapunguza, na si kidogo. Hapo sikuweza tena kujizuia. Nilimvuta kanzu.

"Baba, ni mimi. Mimi ndiye niliyekiharibu."

Akaniwekea mkono kichwani. Hakunitazama.

"Najua, mwanangu," akasema. "Aibu zote zimeshatajwa."

Wakashikana mikono. Yule binti akafungua mlango, akaruka kwenye kiti changu bado kina joto langu, akamtia mwanasesere wake kwenye lile shimo kana kwamba lilitobolewa kwa ajili yake. Niliwahi kuwa na wivu kabla ya siku ile na nimekuwa nao baada yake, lakini ule wa pale Sharafiya ulinifanya nione kizunguzungu. Gari likatoka, likapinda kona ya duka la kutuma pesa. Baba alisimama akilisikiliza bila kuliona mpaka likaingia gia ya pili. Ndipo akasema, "Haya, yalla."

Kwenye basi nilimwona akifuta macho kwa kilemba. Niliyajua yale machozi ni ya nani. Nikajiambia: amekitupa kifuniko. Hakutaka hata jina langu libaki kwenye gari lake, akakubali kupunguziwa pesa kuliko kulibeba. Nami nimehesabiwa pamoja na kutu na gia mbovu.

Kafala ikahama. Hatukwenda Unguja. Wali wa Mama haukuwa moto, niliula wote. Mke mwenza aliondoka na mimi nilistahili kufurahi, lakini Ijumaa ya kwanza tu, tuliposhakula, Baba akavaa fulana yake mbovu, akachukua mkebe wa nta, akashuka kwenye stoo ya chini ya ngazi, akajifungia. Nikipita nilisikia kitambaa kinavyozungushwa. Nikajua analiomboleza, anapaka nta kumbukumbu, na hata likiwa halipo lina zamu yake na mimi sina. Ijumaa hadi Ijumaa, miaka yote. Nikaendelea kulionea wivu gari ambalo halipo, na huo ndio wivu mbaya, maana hata pa kuukwaruza hapana.

Nikamlipiza kwa mambo madogo. Nilijibu kwa neno moja. Nilipofikisha miaka ya leseni, na wanawake siku hizi tunaendesha, Baba alinijia na uso wa mtu aliyeleta zawadi. "Nitakufundisha mwenyewe, Thuwe. Unakumbuka gia ya pili?" Nikamwambia nimeshajiandikisha kwenye skuli ya udereva, na haikuwa kweli. Akasema, "Vyema, mwanangu," akarudi chini kwenye stoo. Hilo ningependa kulirudisha, na harudi mtu.

Sasa, wiki iliyopita. Niliposhamaliza kutoa spana, koleo na mkebe wa nta, chini kabisa ya sanduku nikakuta fulana yake mbovu imekunjwa mraba, imefungwa kwa kamba. Ilikuwa nzito. Nikaifungua magotini. Ndani mlikuwa na rangi ya komamanga, inang'aa mpaka nikajiona, mtu mzima sasa, nikijitazama kwenye chuma. Skrubu zake nne zilikuwa kwenye kijifuko cha plastiki. Na katikati, mikwaruzo imelainika kwa miaka ya kupanguswa lakini haijafutika hata mmoja: THUWE. E ina meno manne.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kwani hukukijua hicho?" akaniuliza. "Kila Ijumaa alikuwa akikipaka nta. Nikimtania, mke mwenzangu kashakwenda zake, sasa unamwogesha nani? Naye huniambia, huyu ndiye niliyemchagua."

Mama akaweka kikombe chini, akakaa pembeni yangu sakafuni, tukalia sote wawili, na yeye wala hakujua mimi nalilia lipi.

Jana fundi wa mtaa wa pili alikuja. Nilimshika mkono, nikamkalisha, nikamtolea spana moja moja: hii imepinda, hii meno yameliwa, hii si ya seti. Akanitazama kama mwendawazimu, lakini akanunua. Akauliza na kile kilichomo kwenye fulana ni nini.

Nikamwambia hicho hakimo kwenye biashara.